Viza inaisha Agosti, matokeo yanatoka Julai

Viza niliyoingia nayo Ufaransa ilikuwa ya mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 hadi 31 Agosti 2024. Wanafunzi wa huku wanaiita kwa herufi zake, VLS-TS: viza ya kukaa muda mrefu ambayo papo hapo inahesabiwa kuwa kibali cha ukaazi. Ukishaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu ufike, mwaka huo wa kwanza huhitaji kadi yoyote. Ile stika kwenye pasipoti inatosha kupanga chumba, kufungua akaunti, kufanya kazi kwa saa zinazoruhusiwa, hata kwenda kutembea Hispania wikiendi. Ila haiongezwi. Hakuna ofisa atakayekugongea muhuri mwingine juu yake. Muda wake ukifika imekwisha, na unachoomba wewe ni kitu kingine: kadi ya ukaazi ya mwanafunzi.

Mama yangu hili hajalikubali mpaka leo. "Mwanangu, si ulishapewa viza? Sasa unaomba nini tena?" Nilijaribu kumweleza, nikaishia kusema tu, "Ndiyo mama, wanataka karatasi nyingine," naye akaniombea dua.

Kila ikifika Mei napata meseji za aina moja kutoka kwa wadogo zangu wa chuo: "Dada, viza yangu inaisha mwisho wa Agosti, nianze kushughulikia lini?" Wengi wanatarajia niwaambie Agosti. Jibu ni sasa hivi, na sababu yake iko kwenye kalenda kuliko kwenye sheria.

Sheria yenyewe ni fupi. Ombi hutumwa kupitia ANEF, tovuti ya serikali ya masuala ya wageni, kati ya siku ya 120 na siku ya 60 kabla kibali hakijaisha. Kwa viza yangu maana yake ni kuanzia tarehe 3 Mei hadi tarehe 2 Julai. Ukichelewa ukatuma baada ya kibali kuisha, kuna ada ya kurekebisha hali, ambayo mwaka huo ilikuwa euro 180, juu ya gharama za kawaida. Na hiyo ndiyo adhabu nyepesi; nzito ni kukaa bila hati halali mkononi.

Sasa weka hizo tarehe mbili kando ya ratiba ya chuo. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Mitihani ya muhula wa pili ilikwisha katikati ya Mei. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zilikuwa mwishoni mwa Juni. Kikao cha kupitisha matokeo kilipangwa Julai, na usajili wa mwaka wa pili ulifunguliwa baada ya hapo. Kwa hiyo dirisha la kuomba linafungwa tarehe 2 Julai, wakati karatasi mbili zenye uzito kuliko zote, matokeo ya mwaka na cheti cha usajili wa mwaka unaofuata, bado hazijazaliwa. Na Mei ya Wafaransa ina mashimo. Mwaka ule wa 2024 sikukuu ya tarehe 8 na ile ya Kupaa tarehe 9 zilifuatana, Ijumaa watu wakaunganisha, wiki nzima ukawa unaongea na mashine za kupokea simu. Agosti ndiyo usiseme: hata mkufunzi anayekupenda anajibu barua pepe Septemba.

Hapo ndipo mtu makini anapojiumiza kwa umakini wake. Amelelewa kupeleka faili likiwa kamili, hivyo anasubiri likamilike. Mimi pia nilikuwa naelekea huko, nikaokolewa na kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa mwaka wa mwisho wa udaktari na ameshapita njia hiyo mara nyingi. Alinisikiliza, akasema kwa Kiswahili chao: "Dada, usingoje makaratasi yote. Tuma ile iko. Ingine watakuomba."

Ndivyo ilivyo. Badala ya cheti cha usajili wa mwaka mpya, barua ya chuo inayosema umekubaliwa kuendelea au umejisajili awali inapokelewa. Badala ya matokeo ya mwaka mzima niliweka alama za muhula wa kwanza pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba nilihudhuria masomo na kufanya mitihani. Hiyo barua ya mahudhurio iombe mapema. Idara niliyosoma ilinizungusha: huyu anasema ni kazi ya yule, yule yuko likizo, na aliyepatikana mwishowe akaiandika kwa dakika tano. Nilichojifunza ni kuacha kutuma barua pepe na kwenda kusimama mlangoni asubuhi, nikiwa nimeshaandika rasimu yangu mwenyewe inayongoja kusainiwa tu.

Karatasi nyingine ni za kawaida, ila kila moja ina mtego wake.

Uthibitisho wa makazi usiozidi miezi sita. Wanaopanga kwa mtu binafsi wanatoa bili ya umeme. Mimi nilikaa hosteli ya CROUS, shirika la umma la huduma za wanafunzi, ambako umeme umo ndani ya kodi, kwa hiyo bili yenye jina langu haipo duniani. Kinachokubalika ni risiti ya kodi au cheti cha ukaazi kutoka ofisi ya hosteli. Anayeishi kwa ndugu au rafiki anahitaji barua ya mwenyeji, nakala ya kitambulisho chake, na bili ya huyo mwenyeji. Kama unakaa kwa shangazi ambaye karatasi zake mwenyewe zina utata, hilo zungumzeni kabla, si usiku wa kutuma.

Picha. Usipige kwa simu. Mfumo unataka picha yenye namba ya siri ambayo hutolewa na vibanda vya picha vilivyoidhinishwa, vile vya kwenye stesheni na maduka makubwa, au na mpiga picha mwenye idhini. Unaingiza hiyo namba tu, picha na sahihi yako vinajileta vyenyewe. Kama umejifunga kilemba kuificha nywele, picha haitakubalika.

Fedha. Kiwango ni euro 615 kwa mwezi. Hapa naona watu wanaogopa bila sababu. Haulazimiki kuwa na fungu lote limelala benki siku moja. Unaonyesha namna unavyoishi. Kwangu ilikuwa mseto: sehemu ya ufadhili, hati za mshahara wa duka la mikate nilikofanya kazi Jumamosi na Jumapili, na barua ya kaka yangu ya kunidhamini pamoja na taarifa zake za benki. Taarifa zile zilikuwa za Kiingereza. Kinachotakiwa ni tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa, na orodha zao hutunzwa na mahakama za rufaa. Tafsiri ya rafiki yako, hata kama Kifaransa chake ni cha kushangaza, haihesabiki. Kuhusu mshahara, angalia pia jumla ya saa. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 964 kwa mwaka, na hati za mshahara unazozipakia wewe mwenyewe ndizo zinazoonyesha kama umevuka. Nimewahi kumwona mtu akijivunia kuonyesha mshahara mnono, kumbe anajitolea ushahidi.

Pasipoti. Iangalie muda wake kabla ya kitu chochote. Ikikaribia kuisha, kuibadilisha kupitia ubalozi kuna safari yake na subira yake, na huwezi kubana yote mawili kwenye Juni moja.

Nilituma ombi langu mwishoni mwa Mei, usiku, faili zote zikiwa PDF zenye majina yanayoeleweka. Nawasisitizia watu hili la majina. Upande wa pili kuna binadamu anayefungua mafaili ya watu wengi. Faili linaloitwa "IMG_4471" linamchosha kabla hajalisoma.

Kisha unaanza kusubiri, na hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana karatasi za kusubiria ndizo zinazowachanganya watu zaidi ya ombi lenyewe. Zipo tatu, zinafanana sura, hazifanani nguvu.

Ya kwanza inakuja papo hapo ukibonyeza kutuma. Inaitwa confirmation de dépôt. Hiyo ni kama risiti ya fundi cherehani: inathibitisha kitambaa kiko kwake, lakini huwezi kuivaa ukatoka nayo. Sheria inasema wazi kwamba haithibitishi uhalali wa kukaa nchini. Kazi yake ni kuonyesha kwamba uliomba na uliomba lini. Ihifadhi zaidi ya mahali pamoja, maana siku ya mabishano tarehe yake ndiyo kinga yako.

Ya pili ndiyo yenye uzito: attestation de prolongation d'instruction. Inatolewa pale kibali chako kinapoisha huku ombi bado linashughulikiwa. Ina muda usiozidi miezi mitatu, na inaweza kutolewa tena na tena. Hiyo inaendeleza haki ulizokuwa nazo, pamoja na ya kufanya kazi. Haiji kwa posta. Inatokea kimyakimya ndani ya akaunti yako ya ANEF, na barua pepe ya kukujulisha inaweza kuishia kwenye takataka za sanduku lako. Mimi nilikuwa naingia kuangalia kila siku nikinywa chai. Ilitokea wiki ya mwisho ya Agosti, viza ikiwa bado na pumzi.

Ya tatu ni attestation de décision favorable, cheti kwamba umekubaliwa na kadi inachapishwa. Ukiipata hiyo, lala.

Kati ya ya kwanza na ya pili kuna bonde, na watu wanatumbukia humo wakiwa wametimiza kila kitu. Viza imeisha tarehe 31, cheti cha pili hakijatoka, mwajiri anataka hati halali ifikapo tarehe 1. Mwajiri naye hana ukatili. Sheria inamtaka akague, na akiajiri mwanafunzi wa kigeni anatakiwa awe amearifu prefektura, ofisi ya serikali inayoshughulikia vibali vya wageni, angalau siku mbili za kazi kabla. Mama mwenye duka la mikate alinipenda kweli, lakini aliponiona na karatasi iliyochapishwa nyumbani isiyo na muhuri wa wino wala picha ya maana, alisita. Nilimwonyesha ile alama ya mraba ya kuskani, na mstari unaosema mwenye cheti anaruhusiwa kufanya kazi. Akampigia mhasibu wake. Mhasibu akasema sawa. Benki yangu ilikuwa ngumu zaidi: ilinitumia ujumbe ikidai "hati mpya ya ukaazi", na kila nilipopakia cheti, mashine yao ilikikataa kwa sababu si kadi. Nilikwenda tawini, nikakaa mbele ya mtu, likaisha. Kuna mambo mengi huku yanayodaiwa kuwa ya mtandaoni ambayo dawa yake ni kiti na binadamu. Msaada wa kodi ya nyumba wa CAF, mfuko wa serikali wa ruzuku za familia, nao unafuata tarehe ya hati iliyo kwenye faili lako, kwa hiyo pakia cheti siku hiyo hiyo kikitoka, usingoje wakuulize.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba "kibali kikiisha una miezi mitatu ya bure". Chanzo chake ni kanuni ya kweli, lakini ni ya watu wenye kadi za miaka mingi ambao tayari wameomba upya. Kadi yao iliyoisha inaweza kuwabeba hadi miezi mitatu wakisubiri jibu. Mwenye VLS-TS ya mwaka mmoja haimhusu. Anayekwambia hivyo kwa kawaida ni mjomba aliyekaa huku miaka kumi na kadi ya miaka kumi. Anasema kwa nia njema, na anasema la kwake.

Na safari. Watu wengi wanataka kwenda nyumbani Julai na Agosti, nauli au si nauli. Kama viza bado hai na utarudi kabla haijaisha, nenda. Kama utarudi ikiwa imeisha na mkononi una ile risiti ya kwanza tu, usiende: ukikwama nje itabidi uombe viza ya kurudi kwenye ubalozi wa Ufaransa, na hiyo si haki ya papo kwa papo. Ukiwa na cheti cha pili, pasipoti na viza iliyoisha, kisheria unaruhusiwa kurejea Ufaransa, lakini kumbuka atakayekukagua wa kwanza ni mfanyakazi wa ndege kaunta ya uwanjani nyumbani, saa nane usiku, na karatasi yako ni ya Kifaransa. Harusi ya binamu yangu ilikuwa Septemba. Nilituma mchango na nikaitazama kwa video, kitenge cha sare kikiwa kimeshonwa na kimekunjwa kabatini.

Sitaki kuwatisha, wala sitaki kuwaficha. Wanafunzi ndio walioanza kuhamishiwa ANEF, Septemba 2020, na malalamiko hayakuchelewa. Tarehe 3 Juni 2022 Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, iliamua kwamba serikali inaweza kulazimisha maombi ya mtandaoni lakini lazima iwasaidie wanaoshindwa, na iweke njia mbadala pale mfumo unapokwama. Desemba 2024 taasisi ya Défenseur des droits, mtetezi wa haki za raia, wakati huo ikiongozwa na Claire Hédon, ilitoa ripoti nzima juu ya tovuti hiyo, ikisema wazi kwamba haki za watu zinavunjwa kwa wingi. Nayataja haya kwa sababu ya matumizi: mtu akikaa na ombi lisilojibiwa huku kibali kimeisha, asifikiri ni bahati yake mbaya anyamaze. Kimya cha muda mrefu kisheria kinageuka kuwa kukataliwa. Kwenye prefektura kuna dawati la msaada wa kidijitali ambalo ni bure. Kuna kituo cha simu cha ANEF. Likishindikana, kuna ombi la haraka mbele ya mahakama ya utawala, ambapo jaji anaweza kuiamuru prefektura itoe cheti cha kusubiria, na vyuo vingi vina kliniki za sheria ambako wanafunzi wa sheria wanakuandikia bila malipo. Wengi niliowaona wakifika huko walipata cheti chao baada ya barua tu, kabla ya jaji.

Na mtu yeyote anayekuuzia "nafasi" ya kuomba kadi ya mwanafunzi anakuuzia kitu cha bure. Akaunti ni yako, unafungua mwenyewe.

Matokeo yangu yalitoka Julai, nimefaulu. Ujumbe wa kuomba nyongeza ulikuja Septemba: weka matokeo ya mwaka na cheti cha usajili, ndani ya siku walizotaja. Vilikuwa tayari kwenye kompyuta, nikavipandisha jioni hiyo hiyo. Jibu zuri lilitoka Oktoba, meseji ya kwenda kuchukua kadi ikafika Novemba. Gharama ilikuwa euro 75, ambayo unailipa kwa stempu ya kielektroniki; unaweza kuinunua mtandaoni au kwenye duka la tumbaku, ambako muuzaji anakupa karatasi kama ya vocha katikati ya watu wanaocheza bahati nasibu. Foleni ilikuwa fupi. Kadi ilikuwa ya mwaka mmoja tu, maana niliobakiza ulikuwa mwaka mmoja; aliyekuwa mbele yangu, aliyeanza shahada ya kwanza, alipewa ya miaka miwili iliyobaki.

Mwaka uliofuata ikawa habari ile ile kwa sura nyingine. Aliyemaliza uzamili anaweza kuomba kadi ya kutafuta kazi au kuanzisha biashara, ya miezi 12, isiyorudiwa, ambayo inaondoa kikomo cha saa za kazi. Sharti ni kuonyesha kwamba umefaulu. Nami kutetea tasnifu kulipangwa Septemba, wakati kadi ilikuwa inaisha mwisho wa Agosti. Safari hiyo sikumsubiri kaka wa Bukavu anipigie. Aprili nilikuwa mlangoni kwa katibu wa idara, na rasimu yangu mkononi.